Wazito Wanne wa Karani

Mimi sikusoma. Nilitoka shule nikiwa darasa la nne, na sitaki huruma ya mtu kwa hilo, kwa sababu duka la mbao lililo nyuma ya mtaa wa West Indies hapa Eldoret ni langu, mashine ya randa ni yangu, na nilipoanza hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili usishangae ukisikia kwamba mzee wa umri wangu aliwaacha wateja wamesimama nje huku yeye akitunga sheria za wanajeshi wa miti. Nilizitunga. Zinafanya kazi. Aliye na zake alete.

Mchezo wetu ni wa vita, na unachezwa juu ya meza. Si drafti wala si bao. Nyuma ya duka, pale ninapoanika mbao za saiprasi zinazotoka msitu wa Kaptagat, kuna vipande viwili vya plaiwudi nilivyoviunganisha, na juu yake kuna mji mdogo: nyumba za vipande vya mbao, ua wa njiti, shamba la mahindi nililolitengeneza kwa sponji ya kuoshea sufuria, na kisima katikati. Kila upande una wanajeshi ishirini, kila mmoja ana urefu wa kiberiti kilichosimamishwa. Unapima kwa tepu. Mtu wa kawaida anaenda inchi sita, bunduki yake inafika futi moja, na dadu ndiyo inayosema: nne kwenda juu risasi imepata, chini ya hapo imepita. Ukimaliza kusogeza wako, zamu ni ya mwenzako. Raundi zikiisha, mwenye kisima ndiye mshindi.

Tuko watatu, wawili wanacheza na mmoja anatazama. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mama mwenye duka la haduwea, misumari na rangi, hapo mbele, mtu wa kutoka mkoa wa kati, na ndiye aliyeleta mchezo huu, maana binti yake aliye ng'ambo alimtumia sanduku lake. Ndani mlikuwa na vijitu vya plastiki vidogo kama punje za maharagwe, vya kubandika mikono kwa gundi. Nilivitazama nikavirudisha sandukuni, nikachonga vyangu. Wa tatu ni Karani. Alifanya kazi kortini maisha yake yote, ni mtu wa magharibi, Kiingereza chake kimenyooka. Yeye ndiye aliyetusomea kitabu cha sheria kilichotoka sandukuni, ukurasa kwa ukurasa, akitugeuzia kwa Kiswahili, na mimi nikaziweka kichwani. Mpaka leo wakibishana juu ya sheria wananiuliza mimi, hawaulizi kitabu.

Kitabu hicho kina ukurasa mzima wa kuchoma nyumba. Siku Karani alipoufikia, Mama Haduwea alisikiliza mistari miwili hivi, kisha akasema, "Hiyo ruka." Alikuja mjini kutoka Burnt Forest mwaka ule wa fujo za uchaguzi na nguo alizokuwa amevaa tu. Karani akaruka. Mimi ni mtu wa hapa, na mwaka ule sisi watatu hatukuwa tunajuana, na labda ni vizuri. Kwenye meza yetu nyumba haichomwi. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Karani alipatwa na kiharusi asubuhi moja akivaa viatu. Kilishika upande wa kushoto, na yeye ni mashoto. Mdomo ulibaki mzima, akili ikabaki nzima, lakini ule mkono uliokuwa ukiandika hukumu za watu ukawa kama gunia lililoning'inizwa begani. Alipotoka hospitali alikaa nyumbani kidogo, halafu Jumamosi moja akaja na fimbo. Tulifurahi. Nilimwekea kiti chenye mikono. Tukaanza.

Ilikuwa mateso. Mkono wake wa kulia haukuwa umezoea kazi ndogo. Akishika mwanajeshi mmoja, anaangusha watatu. Akimwinua aliyeanguka, kiganja kinafagia ua wa njiti. Zamu moja ya kusogeza watu ishirini ilimchukua muda wa mtu kupika ugali na kuula. Jasho likamtoka. Mama Haduwea akanyoosha mkono amsaidie kumsimamisha mmoja, Karani akamtazama mpaka mkono ukarudi ulikotoka.

"Mama, na wewe ukishikiwa askari wako, utapenda?"

"Nilitaka tu kusaidia, Karani."

"Saidia kwenye msiba."

Hatukumaliza mchezo. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Wiki ya tatu mimi nikafanya kitu: nilikuwa na watu wangu wawili mahali pa kummaliza, nikawapeleka upande mwingine, huko mahindini, kwenye kitu kisicho na maana. Nilitaka twende haraka. Karani aliweka dadu chini.

"Hao wanaenda kufanya nini huko?"

"Kuzunguka."

"Kuzunguka nini? Kuvuna?" Mama Haduwea akajifanya anakohoa. Karani hakucheka. "Sikiliza, mzee. Nilikaa kortini nikaona watu wakihurumiwa. Naijua sura yake. Ukinipa ushindi wa huruma tena, sirudi hapa. Na kusogeza hawa ishirini siwezi tena, umeona mwenyewe. Kwa hiyo nadhani tumefika mwisho."

Alichukua fimbo yake akaenda.

Jioni hiyo mke wake alinipigia simu. Huyo mama si mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Shemeji, wiki nzima huyu mtu huwa simwamshi, simvalishi, hataki. Jumamosi peke yake ndiyo anaamka mwenyewe na kuuliza shati liko wapi. Sasa ameniambia Jumamosi imekwisha. Mimi sijui mchezo wenu ni wa nini, lakini mtafute njia."

Nikamwambia nitaitafuta. Na mimi nikisema kitu nimesema.

Hesabu yake ilikuwa wazi hata kwa mtu wa darasa la nne. Karani hawezi kusogeza ishirini. Wanne anaweza. Lakini wanne wa kawaida mbele ya ishirini ni mzaha, watakufa kabla hajamaliza chai, na kupunguza wetu wawe wanne pia ni kumhurumia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo wale wanne lazima wawe watu wasiokuwa wa kawaida. Wanajeshi waliozidi binadamu. Mmoja awe na uzito wa watano, wa kweli, mpaka mimi na Mama Haduwea tukicheza kwa roho yetu yote tushinde leo na tushindwe kesho. Kitabu kilikuwa na watu wa namna hiyo, Mama Haduwea alinisomea kwa Kiingereza chake cha dukani, lakini silaha yao kubwa ilikuwa moto. Tukafunga kitabu.

Nilichonga wanne kutoka kwa kipande cha mti mgumu, mweusi, mzito, nilichokuwa nimekiweka miaka mingi bila kujua ni cha nini. Warefu mara moja na nusu ya wale wengine, miguu minene, chini bapa ili mkono usiozoea kazi ndogo usiwaangushe. Niliwachonga uso na kichogo, ujue kila mmoja anatazama wapi. Nikawaita Wazito. Kisha nikaenda nyumbani kwa Karani, nikawapanga juu ya meza ya chai mbele yake.

"Ni nini hawa?"

"Jeshi lako."

"Wanne?"

"Wanne."

"Na wewe uko na ishirini."

"Na nitawatumia wote."

Alimshika mmoja kwa mkono wa kulia. Akamweka chini, hakuanguka. Akamsogeza, hakuanguka. "Sheria zao ziko wapi?"

"Njoo Jumamosi utazisikia."

Sheria hazikuwepo. Nilikuwa bado sijazitunga.

Sasa, sisi watu wa Eldoret tuna ugonjwa wetu. Ukituambia mtu amezidi binadamu, hatufikirii ngumi, hatufikirii ngozi ya chuma. Tunafikiria mbio. Kila siku alfajiri ukipanda kule Kaptagat kuchukua mbao unawakuta wakimbiaji barabarani, wembamba, hawapumui kwa kelele, unawapita na lori na baada ya kona unaona kama watakupita wao. Basi mimi nikaona jibu liko hapo wazi. Nikawapa Wazito inchi kumi na nane. Mara tatu ya mtu wa kawaida! Mama Haduwea akasema hiyo ni sawa kabisa, Karani akasema hiyo ni sawa kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa.

Jumamosi hiyo tukaanza, Karani akaamrisha wa kwanza akimbie. Alivuka mahindi, akapita kisima, akapita nyumba, akafika upande wa Mama Haduwea katika zamu moja. Tukapiga makofi, kweli, kama tuko uwanjani. Kisha zamu ikawa ya Mama Haduwea. Mzito alikuwa amesimama peke yake katikati ya bunduki kumi na mbili.

"Karani, huyu amekuja kuchukua medali?" Mama Haduwea akauliza.

Akampiga. Wa pili akakimbia kumwokoa, akapigwa. Raundi mbili, wote wanne wamelala. Walikuwa wamefika haraka mahali pa kufia. Nilikasirika sana, si kwa kushindwa kwa Karani, bali kwa upumbavu wa jambo lenyewe. Mbio zinamfaa mtu asiyepigwa risasi.

"Umetengeneza wanariadha," Karani akasema. "Nilidhani uliniahidi wanajeshi."

"Rudi wiki ijayo."

"Nitafikiria."

Alirudi. Safari hii nilikuwa nimerudisha mwendo kuwa inchi sita na nikawapa ngozi. Mzito ilibidi apigwe mara tano ndipo aanguke, na kila akipigwa unaweka kifuniko cha soda pembeni yake kuhesabu. Nilidhani nimemaliza kazi. Nikamwacha Mama Haduwea acheze naye, mimi nikakaa kutazama kazi ya mikono yangu.

Wazito walitembea polepole mpaka kisimani wakasimama. Mama Haduwea akapiga, akapiga, akapiga. Vifuniko vikajaa. Karani akashika kimoja kukiweka, kikaruka chini ya meza. Akainama kukitafuta, karibu aanguke na kiti. Nikaangalia ukutani. Vifuniko vya yule wa kwanza vikachanganyika na vya yule wa pili, wakaanza kubishana ni vya nani.

Mwishoni Mama Haduwea aliweka dadu chini. "Mzee, nitasema ukweli. Mimi leo nimepigana na ukuta. Na ukuta hauchezi. Karani hajafanya kitu chochote, amesimama tu akipigwa."

"Nimefanya," Karani akasema. "Nimeokota vifuniko."

Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni, akanigeukia. "Mzee, umejaribu. Asante. Lakini naona mimi sasa ni kazi yenu ya kila wiki. Sitaki kuwa kazi ya mtu."

"Bado moja," nikasema.

"Moja nini?"

"Nipe Jumamosi moja. Ikishindikana, mimi mwenyewe nitavunja meza niuze plaiwudi."

Alinitazama. Anajua siuzi kitu bila sababu. "Moja," akasema.

Wiki hiyo sikulala vizuri, na mchana kwenye mashine niliwakatia watu mbao kwa vipimo vya kubahatisha. Mteja mmoja akaniambia, "Mzee, nimesema nne kwa mbili." Nikamwambia arudi kesho. Swali lilikuwa moja tu: mtu aliyezidi binadamu amezidi nini? Si mbio. Si kuvumilia. Nilijua nikilishika hilo, mengine ni kukata na kupiga randa.

Jibu sikulipata mezani. Katikati ya wiki kulikuwa na mkutano wa wakazi wa West Indies juu ya maji. Mwenyekiti alikuwa na mpango wake wa tangi la maji, na sote tulijua anataka kuupitisha haraka. Karani alikuwa ameletwa na mke wake, akawekwa nyuma karibu na dirisha, fimbo kati ya magoti. Watu walimsalimia kwa ile sauti ya kumsalimia mtoto. Mwenyekiti akaanza. Mmoja akasimama akauliza swali, akaambiwa angoje zamu yake. Akakaa. Mwingine akainua mkono, akaambiwa maswali ni mwisho. Akashusha mkono. Mimi pia nilikuwa na langu, nikajikuta nangoja, mimi! Mwenyekiti akasema, "Basi, kama hakuna pingamizi, tunapitisha kwamba..."

"Simama hapo, mwenyekiti."

Hakupaza sauti. Hakuinuka, hawezi kuinuka haraka. Lakini mwenyekiti alisimama na mdomo wazi, neno lake likiwa bado liko hewani. "Kabla hujamaliza hilo neno," Karani akasema, "tuambie tangi litakaa kwenye kiwanja cha nani." Na hapo mpango wote ukaanguka, kwa sababu kiwanja kilikuwa cha shemeji ya mwenyekiti.

Watu walipiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje.

Mtu wa kawaida anangoja zamu. Hata akiwa na nguvu, hata akiwa na mbio, anangoja wewe umalize ndipo yeye aanze. Aliyezidi binadamu hangoji. Wewe ukiwa katikati ya jambo lako, mguu uko juu, yeye ameshafika, ameshapiga. Miaka yote kule kortini Karani alikuwa akisikiliza mawakili wakikatizana, na alijua ni sekunde gani ya kukatiza. Kazi hiyo haihitaji mkono wa kushoto. Inahitaji jicho na mdomo.

Siku iliyofuata nilifunga duka kabla ya saa sita, nikamwita Mama Haduwea tujaribu kwanza bila Karani. Yeye akacheza ishirini, mimi nikacheza Wazito. Sheria ilikuwa: wakati wowote, mwenzako akiwa anasogeza, sema "Simama," na Mzito mmoja anafanya kazi yake hapo hapo. Nikamkatiza. Nikamkatiza tena. Kila alipoinua askari, simama. Alipopima, simama. Alipokohoa, simama.

"Aki mzee, nitakutupia hii tepu!"

"Simama."

"Sichezi. Hata mguu sijainua. Huyu si mwanajeshi, huyu ni mama mkwe."

Alikuwa na haki. Nguvu isiyo na bei si mchezo. Nikamshika Mzito mmoja nikamzungusha mkononi, uso, kichogo, uso, kichogo, na Mama Haduwea ndiye aliyesema, "Na akikatiza, si amegeuka upande ule? Basi mgongo wake uko wazi."

Tukaijenga hapo hapo. Mzito akitazama mbele, dadu lazima itoe sita ndipo aanguke. Akikatiza, unamgeuza ampe adui kichogo, na akiwa kichogo anaanguka kama wewe na mimi. Hawezi kukatiza tena mpaka zamu ya upande wake irudi. Kwa hiyo ana neno moja tu kila raundi. Akilisema mapema kwa kitu kidogo, jambo kubwa likija yuko uchi. Hakuna vifuniko, hakuna kuhesabu, ni kumgeuza kwa kidole kimoja. Tulicheza mara kadhaa. Nilishinda, nikashindwa, nikashindwa, nikashinda. Mama Haduwea akasema, "Hii sasa ni kitu."

Jumamosi ikafika. Mimi dhidi ya Karani, Mama Haduwea akiwa refa. Nilimweleza Karani sheria mara moja, akazirudia kama alivyokuwa akimsomea mtu mashtaka, kisha akauliza, "Ni nani amefikiria hii?"

"Mimi."

"Na mimi," Mama Haduwea akasema.

"Na yeye."

Raundi za kwanza alikatiza ovyo. Aliona askari wangu akitoka nyuma ya nyumba, "Simama!", paa, amekufa, lakini nilikuwa nimempeleka makusudi afe, na nyuma yake walikuja watatu wakakuta kichogo. Akapoteza Mzito mmoja hivyo. Akapoteza wa pili hivyo. Baada ya hapo akanyamaza. Nikatuma chambo, akanyamaza. Nikatuma kingine, akanitazama tu, na kile kimya kilinitisha kuliko kukatiza kwake. Sikujua tena ni lini. Nikaanza kusogeza watu wangu kama mwizi anayepita jikoni. Aliwakata wangu mmoja mmoja pale palipouma. Nilikuwa na ishirini. Tulipofika raundi ya mwisho walikuwa saba, na Wazito wake wawili wamesimama kisimani, uso mbele.

Mke wake alikuwa amefika kumchukua. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Alimwona mume wake, shati limelowa mgongoni, uso umekwisha, mkono wa kulia umelala juu ya meza. Kisha akanitazama mimi. Sikujua ananiambia nini, na sikutaka kujua.

Nilituma wa kwanza. Kimya. Nikatuma wa pili kutoka upande wa mahindi. Kimya. Wa tatu nikampeleka mpaka ukingo wa kisima, mkono karibu unagusa.

"Simama." Akampiga. Akamgeuza Mzito kwa kidole.

Wa nne nikamtoa nyuma ya nyumba, mbio moja kwa moja.

"Simama!" Akampiga huyo pia, akageuza wa pili. Na alipomgeuza nikaona macho yake, alijua. Vichogo viwili vilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa na bunduki zilizobaki.

Wa karibu alikuwa rahisi, nilipima, nikarusha dadu, Mzito akalala. Akabaki mmoja. Niliyebaki naye mwenye njia ya kumpiga alikuwa mbali, kwenye kona ya ua. Nikavuta tepu. Mama Haduwea alikuwa upande ule mwingine, nyumba zinamzuia kuona. Karani alikuwa amechoka, kichwa chake kiko nyuma kwenye kiti. Tepu niliishika mimi. Ilifika. Kwa unene wa kucha, lakini ilifika. Ningesema haifiki, Karani ana kisima, ameshinda, mke wake anamchukua, kila mtu anaenda nyumbani kula.

"Inafika," nikasema.

Nikarusha. Ilikuwa tano. Mzito akaanguka, na askari wangu mmoja akaingia kisimani.

Karani aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Pima tena."

Nikapima tena, nikamshikia tepu pale anapoweza kuona.

"Ungesema haifiki, hakuna aliyekuwa anaona," akasema.

"Hakuna."

"Lakini mimi ningejua."

"Najua."

Karani aliegemea mbele. Kisha akapiga meza kwa mkono wa kulia, vinyago vikaruka. "Mbwa wewe! Watu wanne umewatuma kufa ili univue nguo, na umefaulu! Mama," akamwambia mke wake bila kugeuka, "tafuta kiti ukae. Hatujamaliza. Nimeona mahali nilipokosea, ni pale kwenye mahindi. Yule wa pili ningemkata palepale."

"Umechoka," mke wake akasema.

"Ndiyo, nimechoka. Kaa."

Akakaa. Mama Haduwea akatuwekea chai. Karani akaanza kuwapanga Wazito wake, mmoja mmoja, mwenyewe, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Tangu siku hiyo hajakosa Jumamosi. Mke wake anasema shati analitafuta tangu Alhamisi. Mkono wake haujarudi, na daktari hasemi kama utarudi. Yeye haongei juu yake, anaongea juu ya mimi kutuma chambo kupitia mahindi. Amenishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda, na kila mara inaniuma, siwezi kusema haiumi. Jumamosi iliyopita alikaa kimya raundi tano mfululizo, hakukatiza hata mara moja, mpaka nikasahau kwamba anaweza. Nilipeleka watu wangu wote kisimani kwa pamoja kama mbuzi. Akasema "Simama" mara nne.

Sasa nimekaa hapa na Wazito mbele yangu, duka limefunguliwa, watu wanaita huko mbele. Iko njia ya kumvunja. Bado sijaiona, lakini iko.